Karatasi ya Bluu Mezani kwa Seneta

Kambi ya wafanyakazi, nje ya Pecos, Texas
Januari 14

Dada Darlene,

Leo ni miaka miwili na miezi mitano tangu niondoke Kerrick. Nimehesabu kwa sababu upepo umeamka vibaya, mchanga umefunika mtaro hata humwoni mtu aliyeshika ncha ya pili ya bomba, wakaturudisha kambini saa sita mchana. Mtu akikaa bure huhesabu.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunagombana. Hapa angalau utanisikia hadi mwisho.

Ukumbi wa chakula una televisheni. Jana walimwonyesha huyo wakili Aldinger, anayetakiwa apewe kile kiti cha jaji wa shirikisho huko kwetu. Meza nzima ikaanza. Hapa huwezi kutaja jaji watu wasigawanyike. Wengine wanamtaka kwa ajili ya bunduki, wengine kwa ajili ya watoto walio tumboni, wengine hawamtaki kwa hayo hayo. Mimi nilisema simtaki, basi. Tully, dereva wa katapila kutoka Oklahoma, akaniuliza amenikosea nini. Nikamwambia ndiye aliyeandika kwamba ahadi ya kiwanda kwa wastaafu wake inakufa siku mkataba unapokwisha. Tully akasema, "Mke wangu wa kwanza alikuwa na msimamo huohuo." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Mimi niliishia darasa la kumi, lakini hili nalielewa. Baba alikaa mbele ya tanuri la kiwanda miaka thelathini na minne. Walimpa kadi ya matibabu wakamwambia ni ya maisha. Kiwanda kikauzwa, wenye kiwanda wapya wakaifuta kadi, yeye na wenzake wakaenda mahakamani, na huu ni mwaka wa nne. Jaji wa kesi amestaafu, kiti kitupu, mafaili yamegawiwa majaji wawili waliobaki. Ya wahalifu yako juu. Ya wazee yako chini kabisa. Sasa wanataka kukijaza kiti hicho na mtu ambaye jibu lake tunalo tayari.

Wanasema yule seneta wetu wa Demokrati bado hajarudisha karatasi ya bluu. Tully hakuijua. Nikamweleza kwamba jaji wa namna hii hapiti mpaka maseneta wa jimbo lake wajaze kile kikaratasi na kukirudisha kwa kamati, na kwamba hakuna sheria inayosema hivyo, ni desturi yao tu. Akasema nchi kubwa hivi inaendeshwa kwa kikaratasi. Nataka kumwandikia seneta asikirudishe.

Baba anasemaje? Na kifua?

Ndugu yako,
Russell


Kerrick, Pennsylvania
Januari 23

Russell,

Baba yuko vilevile. Anakula. Mtungi wa oksijeni anao, na mwingine wa akiba uko kibarazani.

Unauliza habari za Aldinger kama vile sisi huku tuna habari nyingine. Padri alimwombea kwenye misa, kwa jina. Wiki hiyohiyo ukumbi wa chama cha wafanyakazi ulibandika bango la kumpinga, kubwa, linafunika dirisha lote. Akina mama wanaotengeneza pierogi za viazi kwenye chumba cha chini ya kanisa siku za Alhamisi wamegawana meza. Wanaoponda viazi wako upande mmoja, wanaovikunja ndani ya unga wako upande wa pili, na hawasemeshani. Pierogi zinatoka hivyohivyo na watu wananunua.

Baba anaenda kote kuwili, kanisani na ukumbini, kama zamani. Jumapili Bibi Sabol alimsimamisha mlangoni akamuuliza, "Ambrose, wewe uko upande gani?" Baba akavuta pumzi mara mbili, akamjibu, "Wa dirishani. Kuna hewa." Bibi Sabol hakucheka.

Kuhusu kesi, Baba hana la kusema. Usiandike chochote kwa mtu yeyote, Russell. Wewe uko mbali, na mimi ndiye ninayesimama nao kwenye foleni ya mkate.

Darlene


Pecos
Februari 2

Dada,

Barua yako ilinifikia jana. Yangu kwa seneta niliipeleka posta siku moja kabla hujaandika ya kwako. Kwa hiyo hapo hatuna la kugombania.

Si barua ndefu. Nimeandika mambo ya kweli tu. Usimwambie Baba, sitaki ajisumbue.

Tumemaliza maili tisa za bomba, zimebaki kumi na nne. Mkono wa kushoto unakufa ganzi asubuhi, mchana unarudi. Tully anasema ndivyo ilivyo kwa kila mtu.

Russell


Kerrick
Februari 27

Russell,

Jana jioni seneta alisimama ndani ya Seneti na barua mkononi. Walionyesha kwenye taarifa ya habari ya Pittsburgh. Tulikuwa mezani.

Alisoma hivi, nimeyaandika maana walirudia saa tano: "Mimi ni Ambrose Petrunak wa Kerrick, nina miaka sabini na sita, nilikaa mbele ya tanuri miaka thelathini na minne na sasa napumua kwa mtungi. Mheshimiwa, huyu mtu ukimruhusu akae kwenye kile kiti, umenihukumu kabla sijaingia mahakamani. Kama huwezi kunilinda na hilo, basi sijui nilikupigia kura ya nini." Kisha akaikunja, akasema karatasi ya bluu haitaondoka mezani kwake.

Baba aliniambia niongeze sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba pilipili manga.

Simu haikunyamaza. Wazee wa ukumbini walikuja wanne, wakaleta keki, wakampiga Baba mgongoni mpaka nikawaambia waache, ana mapafu. Asubuhi hii mtu ameacha gazeti la parokia mlangoni, ukurasa wa watoto wasiozaliwa umefunguliwa. Hakugonga.

Baba hawezi hata kusaini cheki, mikono inatetemeka. Ni wewe?

Darlene


Pecos
Machi 8

Dada,

Ni mimi.

Kwanza nilipiga simu kwenye ofisi yake. Binti mmoja alipokea, mpole, akaniuliza naishi wapi. Nikamwambia Texas kwa sasa, nyumbani ni Kerrick. Akasema maoni ya watu wa nje ya jimbo hawayahesabu, niwaandikie maseneta wa Texas. Wa Texas watanifanyia nini? Nina leseni ya Texas, sanduku la posta la Texas, na jasho langu lote liko Texas, lakini mzee anayekosa hewa yuko Kerrick. Ndiyo maana niliandika kama yeye, nikaweka anwani ya nyumbani, nikamtumia binamu wa Tully aliyeko Pittsburgh aiposti kutoka huko.

Haikuwa kazi. Namsikiliza tangu nizaliwe, najua anavyosema.

Sikujua kama watasoma mbele ya watu. Nilidhani wanaweka alama tu, huyu anapinga, huyu anaunga mkono, wanatupa. Siku waliposoma nilikuwa mtaroni. Nilivyoingia kula, watu walikuwa wananitazama. Tully alikwishawaambia. Wengine walinipa mkono, wengine walihama meza. Sikusikia fahari wala aibu. Nilikuwa na njaa.

Lakini ona, imezuia. Huyu akianguka wataleta mwingine, mtu wa katikati, na kesi itasikilizwa. Baba anaweza kungoja miezi michache.

Amekasirika? Niambie kweli.

Russell


Kerrick
Machi 19

Russell,

Anaandika Darlene, nasema mimi, baba yako.

Naambiwa unauliza kama nimekasirika. Sijakasirika, nimechoka, na kuchoka nilianza zamani kabla yako.

Watu wananishika mkono barabarani hata nisiowajua. Bibi Sabol ananipita kama nguzo ya simu. Kanisani benchi langu limebaki langu peke yangu, mtungi naukalisha kando yangu na hakuna anayesema nimechukua nafasi ya mtu. Dada yako ananipikia halupki, nyama iliyokunjwa kwa kabichi, zisizo na chumvi. Kabichi ni kabichi.

Huo mkono unaokufa ganzi, ulale nao juu ya mto, usiulalie. Mimi wangu ulianza hivyo.

Usirudi kwa ajili yangu. Siku ukirudi iwe kwa ajili yako.

Baba


Kerrick
Juni 11

Russell,

Aldinger amejiondoa. Labda umesikia. Ukumbini walipiga honi za magari, kanisani walifunga kula siku moja. Bango bado liko dirishani, jua limelifubaza, na hakuna anayejua nani wa kulitoa.

Hakuna mwingine aliyetajwa. Wakili wetu, Bwana Tressler, alikuja mwenyewe kutueleza. Anasema sasa yule seneta wetu wa pili, wa Republican, naye amesema hatarudisha karatasi yake kwa jina lolote litakalomfurahisha mwenzake. Mmoja amekalia yake, mwingine amekalia yake. Labda baada ya uchaguzi, anasema. Baba akamuuliza uchaguzi upi.

Faili liko palepale. Wazee waliofungua kesi walikuwa arobaini na saba. Sasa ni thelathini na tisa.

Baba hatoki tena. Anakula.

Darlene


Pecos
Agosti 30

Dada,

Nimefika kambini salama. Msimamizi alikuwa amenipa siku tatu na safari ya ndege imekula moja, ndiyo maana niliondoka kabla vyombo havijaoshwa. Najua ulivyonitazama.

Nimekuwa nikiyapitia yale maziko ya Baba kichwani nikiwa kazini, kama mtu anayepitia orodha. Padri alisema Baba alikuwa mwana mtiifu wa kanisa, licha ya yote. Alilisema hilo "licha ya yote" polepole, kila mtu akaelewa. Baadaye yule mwenyekiti wa ukumbi alinikamata kwenye ngazi akaniambia, "Baba yako aliwakomesha wale." Nikasema ndiyo. Kila upande ulikuja kumchukua Baba, nami nilisimama na sahani mkononi nikawaacha wamgawane.

Bibi Sabol ndiye pekee aliyelia kwa sauti. Hilo sikulitegemea.

Mimi sikulia. Nasubiri huzuni, naona bado haijafika. Labda inakuja kwa basi.

Ulikuwa na jambo la kuniambia jikoni. Niliona ulivyofunga mlango. Halafu wakaingia wale akina mama na matrei yao, ukafungua bomba la maji ukaanza kuosha vikombe visafi. Lilikuwa nini?

Russell


Kerrick
Septemba 14

Russell,

Baba alinikataza. Sasa hayupo wa kunikataza.

Wewe ulimwandikia seneta tarehe ishirini na mbili Januari. Baba alikwishamwandikia tarehe kumi na sita. Alisema, mimi nikaandika, akaweka jina lake mwenyewe, ilimchukua dakika nzima. Ulipouliza anasemaje, aliniambia nikuandikie kwamba hana la kusema, maana alijua mngebishana, na pumzi ya kubishana hakuwa nayo. Nakala ninayo. Nimeiweka humu.

Katikati ya Februari kijana wa ofisi ya seneta alipiga simu. Alikuwa na barua mbili kutoka kwa mtu mmoja wa anwani moja. Moja inamwomba seneta airudishe karatasi ya bluu, nyingine inamwomba asiirudishe. Alitaka kujua ipi ni ya kweli, kwa sababu seneta alikuwa anatafuta barua ya kusoma. Mimi nilikuwa kwenye simu ya jikoni, Baba kwenye ya chumbani. Kijana akasoma mistari miwili ya yako. Nikamsikia Baba anavuta hewa. Nilidhani atasema, hiyo siijui.

Alisema, "Hiyo ya pili ndiyo yangu. Ya kwanza itupe."

Nilikimbia chumbani. Nilimwambia amejiua. Nilitumia neno hilo. Akaniambia nikae. Akasema, "Huyo ni Russell. Nikisema si yangu, watataka kujua ni ya nani. Siwezi kumfanya mwanangu mwongo mbele ya Seneti." Halafu akasema tangu uache shule hujawahi kuandika kitu kirefu hivyo, na kwamba uliandika vizuri.

Kwa hiyo usiku ule wa televisheni hakushangaa. Alitaka kuisikia yote. Na mimi nilipokuuliza kama ni wewe, nilikuwa najua. Nilitaka ukiri kwa mkono wako. Miezi yote hii nimewakasirikia nyote wawili, na mmoja nimemkasirikia huku namwogesha.

Sasa jambo la pili. Jaji mkuu wa mahakama za shirikisho za ukanda wetu ameomba msaada nje, na jaji mmoja mzee wa jimbo la Delaware amekubali kuja kusikiliza mafaili yaliyolala. Letu ni la Jumatano, Oktoba 21, saa tatu asubuhi. Nani alimteua, miaka mingi iliyopita, sikuuliza, na Bwana Tressler hakusema. Jina la Baba ndilo la kwanza kwenye kesi, kwa hiyo lazima mtu wa familia asimame mahali pake. Nyuma yake kuna thelathini na wanane wanaongoja kadi zao, na watano kati yao wako kwenye mitungi. Nimemwambia Bwana Tressler mimi sitasimama. Nimemwambia aandike jina lako. Fomu imo humu.

Darlene

(Nakala)

Kerrick, Januari 16

Mheshimiwa Seneta,

Naitwa Ambrose Petrunak. Nimekupigia kura mara mbili, na mara moja sikukupigia.

Kuhusu huyu Aldinger. Padri anampenda. Chama changu hakimpendi. Mimi simjui, ila nimesoma aliyoandika juu ya watu kama mimi, na nadhani atanishinda.

Hata hivyo rudisha hiyo karatasi. Jaji mbaya akinishinda, wakili wangu anaenda Philadelphia kwa majaji watatu wa rufaa, huenda wawili kati yao wakawa na akili. Kiti kitupu hakikatiwi rufaa. Hakina kosa la kuonyesha mtu.

Najua mna vita vyenu na wale wengine, na kwamba wao wangekufanyia hivyohivyo. Walishafanya. Lakini mimi sina muda wa kungoja mtu mzuri. Nipe mtu yeyote.

Ambrose Petrunak


Pecos
Septemba 25

Dada Darlene,

Nimezisoma zote mbili, yako na yake. Yake nimeisoma kwenye ukumbi wa chakula, kisha kitandani, kisha mtaroni wakati wa mapumziko. Tully aliuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia ni ya Januari.

Umeandika kwamba alisema niliandika vizuri. Nilikaa na hilo muda mrefu kuliko mengine. Si vizuri, dada. Yake ni fupi na ndiyo yenye akili. Mimi niliandika kama ninavyomsikia anaposema na wanaume wenzake ukumbini. Nikiwa huku mbali, nilidhani huyo ndiye yeye wote.

Sikuombi unisamehe, maana najua utasema ndiyo kwa kuchoka tu. Ukiniuliza naumwa wapi, sipaoni. Mkono unakufa ganzi hadi begani sasa. Naulaza juu ya mto.

Thelathini na wanane. Bwana Tressler aniandikie majina yao yote, na nani yuko kwenye mtungi. Nisipojua kujibu la sheria, angalau niwataje.

Fomu nimeijaza na kuituma leo. Msimamizi nimemwambia nina mahakama. Akauliza ya siku ngapi, nikamwambia sijui, akasema basi kazi haitaningoja, nikasema sawa. Nitaondoka Jumapili, Oktoba 18, kwa basi la asubuhi kutoka Odessa, mji wa jirani hapa. Nitafika Pittsburgh Jumanne tarehe 20 mchana, na Kerrick kabla ya chakula cha jioni.

Russell Petrunak